Jirani Yangu wa Benchi Alipookoka

Jirani yangu wa benchi aliokoka siku ya nne ya juma, na mimi nikaanza kuumwa tumbo siku ya tano. Watu hudhani ninachekesha nikisema hivyo. Lakini tumbo lile lilinguruma hata monitere, mwalimu wetu, akasimamisha diktee mara mbili, akaenda dirishani kutazama kama mvua inakuja.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, katika shule ya jioni ya misioni moja ya Masisi, juu mlimani, si mbali na njia ya kwenda Mweso. Si mbali kwa miguu ya wakati ule. Kwa miguu ya vijana wa leo ni kama kwenda Ulaya. Tulikuwa wanaume ishirini na kitu, wengine na ndevu zao, tumekaa kwenye mabenchi yaliyochongwa kwa kipimo cha watoto, magoti yakitugusa kidevu. Mchana kila mtu alikuwa na kazi yake. Wengine walilima, wengine walivuna pareto kwa mzungu, mimi nilichunga ng'ombe wa baba. Kengele ya saa kumi na moja ikilia, sote tunageuka wanafunzi. Sertifika yangu ya pale bado ninayo. Panya wamekula pembe moja tu, ile isiyo na muhuri, maana hata panya wa Masisi wanaheshimu muhuri.

Jirani yangu huyo alikuwa mtu wa Walikale, wa msituni kabisa. Alikuja kwetu kwa miguu, sanduku la mbao kichwani, akapata kazi ya useremala pale misioni. Mtu mrefu, mpole, anayeamini kila unachomwambia. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni ng'ombe, kwa sababu kwao hawafugi. Siku ya kwanza alipoliona dume letu alipanda mkaratusi usio na tawi hata moja mpaka kileleni. Alivyopanda nilimwona. Alivyoshuka sikumwona, nilikuwa nimelala chini nacheka.

Sasa, wakaja wahubiri. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja, wametoka ng'ambo ya mashariki, miguu mitupu, nguo nyeupe pe. Direktere wa shule, mzungu wa misioni, akawapa ruhusa kuhubiri uwanjani kila jioni kabla ya kengele, kwa majuma matatu. Sisi tulikuwa tumekwisha batizwa zamani, wote. Kwa hiyo mwanzoni tuliwasikiliza kama mtu anayeuziwa shati alilolivaa. Lakini hawa hawakuwa na habari na daftari la ubatizo. Walisema wokovu ni kuja mwangani: usimame mbele ya watu, utaje dhambi zako moja moja kwa majina yake, urudishe ulichochukua, na kama ulitenda pamoja na mwenzako, umtaje naye, ili naye apate nafasi ya kupona.

Hiyo ya kumtaja mwenzako ndiyo iliyotuharibia usingizi.

Juma la kwanza alisimama mpishi wa Direktere. Akalia, akatoa vijiko vitano mfukoni, akamtaja dobi. Dobi, ambaye alikuwa amekuja kuangalia tu, akila karanga zake, akakwama na karanga kooni. Juma hilohilo akasimama mvunaji pareto mmoja, akataja nyama ya mbuzi aliyepotea miaka miwili nyuma, na wote walioila. Walikuwa saba. Benchi zima la nyuma! Tokea siku hiyo watu wakaanza kuwa wema kupita kiasi. Ukikutana na mtu njiani anakuuliza, "Kaka, siye hatuna neno, ao?" Unamjibu, "Hatuna neno hata moja." Halafu kila mmoja anaenda zake akihesabu.

Mimi nilikuwa nimekaa raha, nikiwacheka. Dhambi zangu nilizitenda peke yangu, kwa uangalifu. Nikasahau maziwa.

Nieleze habari ya maziwa. Baba yangu alikuwa amekuja Masisi na ng'ombe wake, na kwa ng'ombe alikuwa anajulikana mlima huu hata ule. Nikisema anajulikana, nasema hata ndama wa watu wengine walimsalimia. Misioni ilikuwa na wafugaji wengi wa kuiuzia maziwa, lakini Direktere na mkewe, Madamu, na dispansere ya kutibia wagonjwa, walichukua ya baba tu. Baba alikuwa na chansi yake, yule mtungi wa mbao wa maziwa, mweusi kwa kufukizwa moshi, na kifuniko cha kusukwa kilichochongoka. Alikuwa ameirithi kwa baba yake. Katika chansi haingii kitu isipokuwa maziwa. Hata kuiosha hawaioshi kwa maji ovyo. Inasuguliwa, inafukizwa, inawekwa mahali pake kama mtu mwenye cheo. Na mtu anayetia maji katika maziwa, kwetu, si mwizi tu. Wazee walimwona kama aliyemtukana ng'ombe usoni mwake, na ng'ombe wanasikia.

Kila jioni, kabla ya shule, mimi ndiye niliyebeba chansi hiyo kutoka kwa baba mpaka misioni, na jirani yangu alikuja kunipokea njiani, mbali na zizi, kwa sababu ya dume. Siku moja ya mvua niliteleza penye kijito cha chini ya misioni. Sikuanguka, lakini kifuniko kiliruka na maziwa yakamwagika, kama vikombe viwili. Nikaogopa kufika na mtungi uliopungua. Nikainama, nikachota maji kwa kiganja, nikajaza.

Jirani yangu akaniuliza, "Kaka, maziwa inatiwa maji?"

Na mimi, mdomo wangu huu ambao haujawahi kukosa jibu, nikamwambia, "Weye hujue? Maziwa ya mulima iko na nguvu sana. Bila maji, muzungu anavimba tumbo, anapasuka. Njo desturi."

"Kumbe!" akasema, na kutikisa kichwa kwa heshima.

Kesho yake hatukuteleza. Tulikuwa na njaa tu. Nikamwambia kwamba mbebaji ana haki yake, kikombe kimoja, na hiyo pia desturi. Tukanywa, tukajaza kijitoni. Kesho kutwa vilevile. Ikawa hivyo tokea mvua za kwanza mpaka kiangazi. Yeye alishika kifuniko, mimi nilichota. Mtu wa Walikale ambaye hajawahi kuonja maziwa alinenepa mashavu.

Siku ya nne ya juma la pili, jirani yangu huyo akasimama uwanjani, machozi yanatiririka, akasema ameokoka.

Mikono iliyoshika kifuniko! Tumbo langu likaanza kazi yake kesho yake, kama nilivyosema. Niliwaza hivi: Direktere akinifukuza shule, nitalia juma moja, nitapona. Lakini baba alikuja kila siku ya Mungu, Jumapili, kusali pale misioni, anakaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Jina la maziwa yake ndilo alilokuwa nalo katika nchi hii ya watu. Hakuwa na shamba la babu hapa, hakuwa na ukoo hapa. Kama atasikia mbele ya watu wote kwamba chansi ya baba yake imetiwa maji ya kijito na mkono wa mwanawe, atanitazama kwa macho gani? Niliyatafuta macho hayo kichwani mwangu kila saa, nikiwa ninakamua, nikiwa ninaandika hesabu ubaoni. Sikuyaona. Hiyo njo iliniogopesha zaidi.

Na yule bwana aliyeokoka hakuniacha hata dakika. Benchi ni moja, utamkimbilia wapi?

"Kaka, uko namna gani?"

"Niko muzima."

"Mwili iko muzima. Roho je?"

"Roho iko na mafua kidogo, itapona."

"Kaka, ukikufa leo, utaenda wapi?"

"Leo sina nafasi ya kufa. Niko na ng'ombe za kukamua."

Wenzetu wa benchi la nyuma wakacheka, mmoja akasema, "Mwache, huyu hata malaika akimukuta atamuuzia maziwa!" Na mimi niliposikia neno maziwa, kalamu ikanitoka mkononi, wino ukamwagika kwenye kaye, daftari langu, mpaka ukurasa wa kumi na mbili.

Nilijaribu kila kitu. Nilimletea viazi vya kuchoma. Akavibariki, akavila, akaendelea kunihubiria na kiazi mdomoni. Nilijaribu kuokoka nusu: nikamwambia moyo wangu umekwisha guswa, umebaki mdomo tu. Akafurahi hata akaniita mbele ya wale wahubiri watatu. Yule mama mhubiri akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Mwanangu, uko na nini inakulemea?" Nikajibu, "Mama, ni masomo." Akasema, "Masomo hailetake jasho ya namna hii." Nilikuwa nimeloa mgongo mzima, na Masisi jioni ni baridi ya kumeza meno.

Niliacha pia kupita kijitoni. Nilizunguka njia ya juu, ndefu mara mia, ili kifuniko kisifunguliwe. Maziwa yakaanza kufika misioni mazima. Nikadhani labda hiyo inatosha, labda dhambi ikiachwa kimya inakauka yenyewe kama matope kwenye mguu. Jirani yangu alikuja kunipokea, akashangaa.

"Kaka, leo hatutii maji? Madamu hatavimba?"

Nikamwambia ni kiangazi, maziwa yenyewe yamepoa. Akakubali. Angalieni nilivyokuwa mjinga: jibu lilikuwa mbele yangu, linatembea na miguu yake, linaniuliza habari ya tumbo la Madamu, na mimi sikuliona. Hofu ilikuwa imeniziba macho yote.

Siku ya sita ya juma la tatu, tukiwa tunafuta tablo, ule ubao wa darasani, akanishika mkono.

"Kaka, siku ya Mungu minasimama tena. Iko kintu moja sikuisema. Nzito."

Nikauliza, sauti ndogo kama ya kifaranga, "Inagusa nani?"

"Inagusa weye. Na Papa yako pia. Nitamuomba musamaha mbele ya bantu yote. Samahani, kaka. Ni lazima."

"Si unaniambia kwanza miye?"

"Walitufundisha kusema mwangani. Nikikuambia kwanza, utanizuia, maana unanipenda."

Niliketi chini palepale, vumbi la chaki likinifunika kichwa. Yule aliniona mzee wa miaka tisini ghafla, akaniuliza kama nataka maji. Maji!

Ikafika siku ya Mungu. Uwanja ulijaa. Nisiseme elfu kumi, maana mtanikatalia, lakini kutoka Mweso walikuja, na mimi ninaapa niliona watu wamekaa juu ya paa la dispansere. Wakulima wenyeji wa milima yetu upande huu na mama zao, wafugaji upande ule na fimbo zao, Direktere na Madamu wake kwenye viti. Baba alikuwa mbele kabisa, koti lake la siku ya Mungu limefungwa mpaka shingoni. Nilikuwa nimekaa nyuma yake hatua tatu. Niliona masikio yake. Nilifikiri: masikio hayo bado hayajui.

Waliimba. Yule mhubiri mkubwa akauliza nani ana neno. Jirani yangu akasimama, mrefu kama mti wa kwao, akasafisha koo. Akasema, "Papa wa rafiki yangu iko hapa mbele. Papa, miye nilikukosea juu ya ng'ombe yako..."

Sijui ni nani aliyenisukuma. Nilikuta miguu yangu imekwisha simama na mdomo umekwisha funguka. Niliwaza kitu kimoja tu: kama ni lazima baba asikie, asisikie kwa mtu wa mbali. Nikapaza sauti, "Ngoja! Ni miye!"

Watu wote wakageuka. Baba akageuka wa mwisho, polepole.

Nikasema. Na ninyi mnaonijua, mnaojua kwamba nikiona sungura wawili ninasimulia kundi, niaminini hapa: siku hiyo sikuongeza hata neno. Nilisema kikombe kimoja kwa safari moja, siku ya kwanza viwili. Nilisema kijito gani. Nilisema tokea mvua za kwanza mpaka kiangazi. Nilisema nusu ya maziwa yale ilikwenda kwa Direktere na nusu kwa watoto wagonjwa wa dispansere, na maji hayakuchemshwa. Hapo kwenye watoto ndipo nilipolisikia jambo hilo na mimi, mara ya kwanza. Majuma yale yote niliogopa macho ya baba, sikuwahi kuwafikiria watoto wale hata siku moja.

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema kwa sauti, "Shetani hii!" Mzee mfugaji akatema mate chini. Madamu akamwinamia Direktere, akasema kitu, na Direktere akakitafsiri bila kufikiri, maskini: "Anasema alidhani maziwa iko mwepesi juu ya majani ya huku, iko na maji mengi." Watu wengine wakacheka, wakajizuia, wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Jirani yangu alikuwa bado amesimama, mdomo wazi.

"Kaka," akasema, mbele ya mlima mzima, "haiko desturi?"

Nikatikisa kichwa.

"Na ile ya kuvimba tumbo?"

"Uongo."

"Na kikombe ya mubebaji?"

"Uongo, kaka."

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Miye hata kwetu Walikale niliwafundisha," akasema. "Niliandika barua: maziwa inatiwa maji, bila hivyo unapasuka."

Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa kunyooka, akamgeukia baba na kuungama dhambi aliyoijia. Ilikuwa hivi. Katika barua hizohizo alikuwa amemwandikia mama yake kwamba baba yangu amempenda, atampa ng'ombe watatu wenye pembe za kugusa mawingu. Mama yake amewaambia wajomba. Wajomba wamekwisha kata miti, wamejenga zizi, msituni, na wanaliangalia kila asubuhi. "Nilijifunza kukuza maneno kwa mutoto yako, Papa," akasema, "lakini kosa ni yangu. Na sasa ninaongeza hii ya maji. Nilishika kifuniko."

Hiyo tu. Majuma yote nilipotokwa na jasho, alikuwa amebeba zizi tupu la Walikale.

Baba akasimama. Akamwendea yeye kwanza, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiswahili chake kizito, "Waandikie wajomba: zizi waweke kuku." Watu wakapata pumzi. Mimi akanipita. Alinipita karibu hata koti lake likanigusa, akashika njia ya nyumbani, na macho yale niliyokuwa nimeyatafuta majuma mawili hakunipa niyaone.

Kesho yake baba alikamua mwenyewe, akapeleka maziwa mwenyewe kwa mtungi mwingine, wa kuazima. Alimwambia Direktere kwamba mwezi mzima dispansere haitalipa kitu. Jioni nilipokuwa ninatoka kwenda shule, nikihofu kwamba jina langu limekwisha futwa, nikamkuta mlangoni. Ameshika chansi ya babu. Aliongea kwa lugha ya nyumbani, taratibu.

"Imeingia maji," akasema. "Haiwezi kurudi kwenye maziwa. Sasa ni yako. Peleka maji shuleni, wenzako wanywe. Kila siku, mpaka umalize."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa bado inanuka moshi.

Direktere hakunifuta. Akasema adhabu aliyotoa baba inatosha, na ya kwake akaongeza moja ndogo: kuchemsha maji hayo. Basi mpaka siku ya sertifika nilibeba chansi ile, iliyojulikana milima yote, imejaa maji, nikipita mbele ya wafugaji waliokaa njiani. Waliijua. Walitazama mtungi, wakanitazama mimi, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Safari ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizosafiri, na hapa pia siongezi.

Siku ya kwanza nilipoiweka juu ya meza ya darasani, hakuna aliyesogea. Ni jirani yangu wa benchi aliyeinuka. Alichukua kikombe, akamimina, akaangalia ndani, akanusa.

"Kaka," akasema, "hii ni maji?"

"Ni maji."

"Maji tu?"

"Maji tu. Yamechemshwa."

Akayanywa yote, akapangusa mdomo, akaketi mahali pake, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Sasa," akasema, "roho je?"